Kabla hujachora ramani, kaa kiwanjani kutwa nzima

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na katika zote nilizochora, mbovu kuliko zote ni hii ninayolala mimi. Ipo hapa Mtwara mjini, na niliijenga mwaka 2016. Wakati ule bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa limezinduliwa mwaka uliotangulia, kiwanda cha saruji cha Dangote kimewashwa, na kila mtu mjini anaongea kama vile kesho tutaamka Dubai. Na mimi nikataka nyumba ya kisasa.

Picha niliipata kwenye simu. Paa la msauzi lenye migongo sita, bati rangi ya damu ya mzee, upenu wa sentimita 40 hivi, na sebuleni kioo kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Barabara iko magharibi ya kiwanja, kwa hiyo kioo kikaangalia magharibi. Nani ajenge nyumba nzuri halafu aifiche? Upande huohuo palikuwa na mkorosho mkubwa, tawi lake moja limelala chini kiasi kwamba watoto wa jirani walikuwa wanalikalia. Niliukata siku ya kwanza, kabla hata ya kuchimba msingi, ili lori la mchanga lipate pa kugeuzia.

Mwezi wa kwanza tu tangu tuhamie, saa kumi jioni sebule ilikuwa haikaliki. Mshumaa niliousahau dirishani niliukuta umelala ubavu kama mtu aliyechoka. Saa tatu usiku nikiweka kiganja ukutani, ukuta bado wa moto. Tukafunga kiyoyozi, na mita ya umeme ya LUKU nayo ikaanza kulia kila wiki. Baba watoto hakunilaumu, alikuwa anachukua mto wake tu na kwenda kulala varanda ya nyuma. Kwa mchora ramani, hilo ni tusi tosha.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe, naye hajui hata rula inashikwaje. Anakaa Mikindani, mji mkongwe hapa jirani, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe iliyorithiwa mara nyingi mpaka hakuna anayejua nani aliijenga. Nilikwenda kumsalimia Desemba moja, mwezi ambao jua la huku halina huruma. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanikaribisha ndani, na nikahisi shingo inapoa. Feni hakuna. Nikamuuliza, mama, hapa mnafanyaje? Akacheka. "Mwanangu, walioijenga hawakuwa na umeme. Ingekuwa ya moto wangeihama."

Nikatoa futi yangu ya mkononi nikaanza kupima, yeye ananitazama kama nimerukwa na akili. Kuta nene, karibu nusu mita. Mlango wa mbele umetazamana na mlango wa uwani, hakuna kitu katikati kinachozuia upepo. Juu ya kila mlango kuna uwazi ambao haufungwi kamwe. Baraza ya mbele ina kivuli, uwani kuna mwembe, na hewa inayopita chini ya mwembe ndiyo inayoingia ndani. Ukipanda pale Boma, lile jengo la Wajerumani la 1895 ambalo baadaye liligeuzwa hoteli, utakuta mambo yaleyale: ukuta mnene, ua katikati, kivuli mbele ya vyumba. Wageni wale walikuja na bunduki zao, lakini jua liliwafundisha adabu.

Tangu siku hiyo mteja akija na picha kwenye simu namwambia tuiweke pembeni kwanza, twende kiwanjani. Nachomeka vigingi vinne, na kwenye kila kigingi nafunga kipande cha kanga chakavu. Tunakaa. Saa tatu asubuhi kanga inaelekea wapi, saa saba wapi, saa kumi na moja wapi. Ukitaka uhakika rudi mara mbili, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, maana pepo hizi zinagawana mwaka. Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki. Mvuvi yeyote wa pale feri atakueleza bila ada.

Sasa weka jua juu ya upepo. Mtwara na Lindi tuko karibu digrii 10 kusini mwa Ikweta. Desemba jua la mchana linapita karibu na utosi, Juni linaegemea kaskazini. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini unaweza kuzikinga kwa upenu tu: hata Juni, upenu wa mita 1 unatia kivuli cha karibu mita 1 na nusu ukutani saa sita mchana, yaani dirisha zima limefunikwa. Mashariki na magharibi hakuna upenu utakaokusaidia, jua linaingia limeinama kama mwizi. Basi nyumba ilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, ambako pepo zote mbili zinayafikia. Magharibi weka stoo, choo, ngazi, kabati, chochote kisichokaliwa jioni. Barabara ikiwa magharibi, basi wapita njia waone ukuta wa stoo. Hawakusaidii kulipa umeme.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yamejaa mjini, na ninayachukia. Ukilifungua lote, nusu bado ni kioo, umelipia dirisha zima ukapata upepo wa nusu. Luva za zamani tulizozidharau zinafunguka karibu zote. Mbao za kufungua kwa nje nazo ni nzuri. Na kumbuka wavu wa mbu unapunguza upepo, na huku bila wavu huishi, kwa hiyo dirisha liwe kubwa kuliko unavyodhani.

Kuhusu ukuta mnene, nilikosea tena. Nyumba iliyofuata niliyochora Lindi niliijaza kuta nene kila mahali nikifikiri naiga Mikindani. Mteja akanipigia simu: sebule mchana safi kabisa, chumba cha kulala usiku kinafukuta. Ukuta mnene unakunywa joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku, na pwani yetu usiku haupoi sana hata ulisafishe hilo joto. Siku hizi sehemu za mchana nazipa ukuta mnene, vyumba vya kulala nawapa watu ukuta mwembamba wenye kivuli na madirisha pande mbili. Wazee wa nyumba za fito na udongo walilijua hilo, ukuta wao unapoa haraka jua likizama.

Sisemi turudi kwenye makuti. Makuti yanapoa vizuri mno, ila panya, moto, na kubadilisha kila baada ya miaka michache ni adhabu. Matumbawe ya kuchimba baharini na boriti za mikoko pia tuviache vilipo, samaki wanahitaji nyumba kuliko sisi. Bati ni sawa. Chagua la rangi nyeupe au ya fedha, acha nafasi kati ya bati na dari, na toboa matundu chini ya upenu na juu karibu na kofia ya paa ili hewa ya moto itoke. Kazi hii ni ndogo, na tofauti utaiona siku ya kwanza. Feni ya dari inakula wati 60 au 70, kiyoyozi kidogo cha chumba kama 1000. Ukishafanya hayo, feni inatosha usiku mwingi wa mwaka.

Upenu mrefu una hatari yake: upepo mkali unaingia chini na kulinyanyua paa. Wazee wa Lindi wanakisimulia bado kimbunga cha 1952, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitukosa kidogo tu kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji. Mwambie fundi kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa vyuma mpaka kwenye mkanda wa zege, si misumari miwili na dua. Na mchanga wa ufukweni usiguse zege yako, chumvi inakula nondo kutoka ndani.

Bati hilohilo ni kisima. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 30 usiku mmoja ni lita 3,600. Kwa aliyekulia Newala, juu kule kwenye nyanda za Wamakonde ambako ndoo ya maji inafuatwa mbali, hesabu hii haihitaji maelezo. Tenga hela ya mfereji na simtanki mapema, wakati hela ya korosho bado ipo, maana baada ya bati huwa hakuna kinachobaki.

Kuna wateja wanaoniambia wanataka nyumba yenye asili yetu, wakimaanisha tao mbili mlangoni na kinyago ukutani. Mimi nawauliza: msiba ukitokea watu 100 watakaa wapi? Korosho utaanika wapi, magunia utaweka wapi? Bibi harusi akitolewa ndani, shangazi zake watapika wapi? Baraza pana yenye kivuli na ua wa nyuma wenye jiko la nje vinajibu maswali hayo yote, na jiko likitoka nje joto lake nalo limetoka. Kinyago kiweke upendavyo.

Yangu mimi nimeikarabati nilivyoweza. Upenu nimeurefusha kaskazini, bati nimelipaka nyeupe, kioo cha sebuleni nimekiziba nusu kwa ukuta. Kiyoyozi kinawaka kwa wageni tu. Upande wa magharibi nimepanda mkorosho palepale kilipokuwa kisiki. Una miaka mitatu, umefika usawa wa dirisha, na mpaka ukue kila saa tisa alasiri nateremsha mkeka wa ukindu mbele ya kioo.