Mwanangu, raha ya Linux ni hii

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, nikikununulia laptop mpya utawacha kukesha na hiyo mashine mzee? Kwani hiyo Linux inakupa raha gani?" Nimeona nikuandikie, juu kwa simu sitamaliza.

Unakumbuka saiba yetu ya Umoja? Ulikuwa mdogo, unalala chini ya meza ya printa ukingoja nifunge. Mashine zilikuwa sita na kila jioni mbili ama tatu zimekufa na virusi, juu kila mteja anakuja na flashi yake ametoa huko anakojua anachomeka tu. Fundi nilikuwa namlipa kila wiki, anafuta kila kitu anaweka upya, kesho tumerudi palepale. Nililia sana kwa hiyo saiba na hukujua. Ndio kijana mmoja wa chuo akaniambia kuna kitu inaitwa Ubuntu, aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, unaomba kwa intaneti, sidii zinakuja kwa posta bure kabisa. Bure ya wapi, nikajiambia. Lakini 2006 zikafika, hata ya stempu sikulipa. Aliyeanzisha ni Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na hilo jina ni ndugu ya neno letu utu. Nikajaribu kwa mashine ya pembeni, wiki mbili flashi chafu zinaingia zinatoka na hakuna kitu ilishika. Nikaweka zote.

Lakini hapo ilikuwa nafuu tu, haikuwa raha. Raha nikupe ya wiki iliyopita.

Nilikuwa nimeongeza diski ya pili, nikaandika laini yake kwa ile faili inaitwa fstab, ndio inaambia mashine ikiwaka ifungue diski gani na iiweke wapi. Nikaizima nikaiwasha, ikakwama, skrini nyeusi na maandishi meupe. Saa tano usiku. Sasa sikiza, haikuniambia tu kuna shida tafuta fundi, iliandika kabisa ni diski gani inaingoja, ikahesabu dakika moja na nusu, halafu ikanipa pahali pa kuandika amri. Nikaitisha namba ya diski, ile ndefu yenye herufi ndani, nikailinganisha na yangu moja moja, kidole kwa skrini. Katikati kulikuwa na b na mimi nilikuwa nimeandika 8. Herufi moja tu! Nikarekebisha, nikawasha, ikawaka. Mwanangu nilikaa hapo natabasamu peke yangu, ploti yote imelala, na chai imepoa sikuwa na haja nayo.

Sijui kama unaelewa vile hiyo inafanya moyo. Hakuna mlango umefungwa ndani ya hii kitu. Ukitaka kusoma vile imeandikwa unasoma, ukitaka kubadilisha unabadilisha, na leseni yake inasema ukimpa mtu mwingine hiyo kerneli uliyobadilisha, ndio kiini cha Linux, lazima umpe na maandishi yake ya programu, usimfungie yale wewe ulifunguliwa. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Agosti 1991, akaandikia watu kwenye intaneti ati anatengeneza mfumo wa bure, ni hobi tu, hautakuwa mkubwa. Leo hiyo kerneli iko kwa kila simu ya Android, hata hiyo yako unanitumia meseji nayo, na tangu 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux. Mimi hapa Umoja nikifungua terminali, ile dirisha ya kuandika amri, niko ndani ya hiyo kazi pamoja nao, na hakuna mtu ananiuliza nimesomea wapi.

Kwa hivyo laptop mpya usininunulie baba. Ukitaka kunisaidia nitumie ya memori, hii iko na 4GB na ina nafasi ya kuongeza.

Na ile yako ulisema imekataa Windows 11, tafadhali usiuze. Ibebe ukija Disemba, nitakuwa na flashi ya kutoka maduka ya Luthuli tayari imewekwa Linux, tutaiwasha na flashi kwanza bila kugusa picha zako, tuone waifai na sauti kama zinashika. Ukipenda ndio tuweke.

Mama yako