Kulinda miche michanga dhidi ya konokono katika bustani za Dodoma

Wakulima wengi wa mboga hapa Dodoma huwahofia panzi, vidukari na ukame kabla ya kumfikiria konokono, na sababu yake inaeleweka, kwani mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo ardhi hukauka mpaka ikapasuka. Konokono wasio na gamba, yaani makoa, hupoteza maji kwa urahisi kupitia ngozi yao na hawastahimili jua. Hata hivyo, bustani inayomwagiliwa kila siku katikati ya ardhi kavu huwa ndiyo sehemu pekee yenye unyevu iliyobaki, na kwa hiyo makoa wa eneo zima huikimbilia. Kwa uzoefu wangu wa kuotesha mchicha, sukuma wiki na nyanya uani kwangu, udhibiti wa wadudu hawa waharibifu huanza kwenye maji na maficho, na dawa huja mwisho kabisa.

Kwanza mtambue mharibifu. Sota hukata shina usawa wa ardhi na kuuacha mche umelala, na ukifukua udongo kando yake utamkuta kiwavi amejikunja. Koa hukwangua jani kwa ulimi wenye meno madogo mengi, akaacha matundu yasiyo na umbo maalumu, na mche wenye majani mawili ya mwanzo anaweza kuumaliza wote ukabaki kijiti tu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, inamia tuta na uyatazame majani kwa upande: utaona michirizi ya ute mkavu inayong'aa, ikitoka kwenye mche ulioliwa hadi chini ya jiwe au ukingo wa tofali. Ufuate mchirizi huo, kwa sababu utakupeleka moja kwa moja kwenye maficho.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni saa ya kumwagilia. Tumezoea kumwagilia jioni, na mazoea hayo yana hoja ya msingi, maana jua la huku ni kali, upepo unakausha, na wengi wetu tunanunua maji kwa ndoo. Tatizo ni kwamba tuta lililoloweshwa jioni hubaki bichi usiku kucha, na usiku ndio wakati makoa wanapotoka kula. Mwagilia alfajiri, taratibu, kwenye shina la kila mche kwa kutumia kopo badala ya kurushia maji tuta zima. Hadi machweo uso wa udongo utakuwa umekauka ilhali mizizi bado ina unyevu. Trei za miche zinazokauka mapema ziongezewe maji kidogo mnamo saa tisa alasiri, ili zipate muda wa kukauka juu kabla ya giza kuingia.

Matandazo yanahitaji busara zaidi. Katika mkoa mkavu kama wetu siwezi kumshauri mtu aache kutandaza nyasi, kwa kuwa bila hizo maji hupotea bure. Ninachoshauri ni kuchelewa: acha udongo wazi na uufagie kuzunguka miche hadi iwe na majani sita au saba, ndipo utandaze, tena ukiacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya nyasi na shina. Chunguza pia sehemu zilizo nje ya bustani, hasa chini ya tangi la maji, kwenye bomba linalovuja na mahali panapomwagwa maji ya vyombo. Huko ndiko makoa hujihifadhi wakati wa kiangazi, na ukichimbua kidogo utakuta mayai yao yamekaa kwa mafungu, meupe na laini kama shanga ndogo. Yaanike juani, hayatachukua muda kukauka.

Kwa kuwakamata, gunia lililoloweshwa na kulazwa kando ya tuta jioni linatosha. Ligeuze asubuhi na mapema, uwaokote kwa kijiti au glovu na uwatumbukize kwenye maji ya sabuni. Kikombe cha pombe ya mtama kilichofukiwa usawa wa ardhi nacho huwavuta kwa harufu ya uchachu, ila kila baada ya siku chache kinahitaji pombe mpya. Bata ni wawindaji wazuri wa makoa, lakini wapitishwe bustanini kabla ya kupandikiza, kwani hukanyaga miche na baadhi yao huila.

Majivu husaidia yakiwa makavu tu. Umande ukiyalowesha hayana kazi, na yakirundikana huubadilisha udongo. Chumvi usiitumie kabisa kwenye tuta, hasa kwa kuwa visima vingi vya huku vina maji ya chumvichumvi na udongo umeshabeba mzigo wa kutosha. Kwa miche michache, chupa ya maji iliyokatwa kitako na kuzamishwa kidogo ardhini ni kinga nzuri ya usiku, lakini iondolewe asubuhi, la sivyo jua la Dodoma litaunguza mche ndani yake. Kuhusu dawa za punje, zenye metaldehaidi zinaweza kuua mbwa na kuku, na Uingereza ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nje mwaka 2022. Ukilazimika kununua, muulize muuza pembejeo kama anazo zenye fosfeti ya chuma, ambazo hatari yake kwa mifugo ni ndogo zaidi.

Mboga zilizopitiwa na makoa zioshwe jani kwa jani kwa maji safi na zipikwe, kwa kuwa baadhi yao hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu. Watoto nao wasiachwe kuwachezea kwa mikono mitupu.

Msimu wa mvua unapokaribia, mimi huhamishia kitalu juu ya meza ya mbao na kusimamisha kila mguu wake ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Miche hukaa hapo hadi shina lake likaze, ndipo huiteremsha bustanini, nikianza na nyanya na kuacha kabeji na chainizi kwa mwisho, kwa sababu hizo ndizo makoa huzipenda zaidi.