Naishi nchi ya furaha, lakini msinihesabie pesa

Nduzangu wa Langoni, kwetu Amu (Lamu),

Sauti mlizonirikodia nimezisikia zote. Mmeambiana barazani kwamba Finland ilishika nambari moja katika Ripoti ya Furaha Duniani kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025, kwa hiyo nimo peponi, na nikituma kidogo ni ubahili. Limeniuma.

Ripoti ile haipimi kicheko. Mtu huambiwa awazie ngazi, chini sifuri, juu kumi, na kumi ndiyo maisha bora kabisa anayoweza kuyapata. Aseme amesimama wapi. Basi. Mfini anataja saba na ushei kwa kuwa haogopi: akiugua atatibiwa, akikosa kazi ana posho, mwanawe anasoma bure na shuleni analishwa. Kwake maisha mema ni hayo, pamoja na kuachwa na utulivu wake. Msimdharau. Wangapi kwetu wamevushwa hadi Mokowe, bara, kwa boti usiku, rufaa ya Mombasa mkononi, na ndugu bado wanachangishana?

Lakini mimi kwenye ngazi ile sisimami peke yangu. Nikiulizwa, namhesabu mama, ada za wadogo zangu, deni la ami dukani. Mwenzangu ninayesafisha naye ofisi alfajiri (mwishoni mwa Desemba jua la Helsinki halikai hata saa sita) ataje nambari yake, alale. Mimi mshahara hauja­ingia, simu zenu zishautangulia. Kodi ya nyumba inakula sehemu kubwa, nauli inafuata, kinachobaki ndicho mnachokigombania. Na Ramadhani ikifika, hakuna mtoto wa jirani anayebisha hodi na sahani ya futari.

Mwenye nia ya kuja, aje. Aanze Kifini huko huko, karatasi ziwe za halali, na wakala asipewe hata shilingi. Kama bahari inakutosha, baki Amu, wallahi baki. Ila mwenye watoto afikirie tena, shule za huku ni nzuri mno. Miezi ya mwanzo usitume kitu nyumbani, jijenge kwanza. Mama lakini usimkatie, hata ukope.

Pesa za dawa zake nazituma Ijumaa, inshallah. Injini ya boti mwaka huu msinitajie. Na aliyeniita bahili anipigie mwenyewe, nimwambie kodi ya chumba changu ni kiasi gani.