Muulize Fundi wa Sauti: Maiki inanuka, spika zimepauka

*Shikamoo mama fundi. Nina vyombo vya karaoke vya kutembeza: spika mbili za plastiki, mikisa ndogo, maiki mbili za waya, mbili zisizo na waya na televisheni ya inchi 43. Hapa Kahama naitwa kwenye baa, send-off na kipaimara. Vyombo vina miaka miwili tu lakini ukiviona utasema vina kumi. Juzi kwenye send-off binti mwenye shughuli alipokea maiki, akaisogeza karibu na uso, akanirudishia bila kuimba. Niliona aibu sana. Nisafisheje, na nifanyeje vibaki na sura ya upya?* — Msomaji, Kahama

Marahaba, mwanangu. Pole kwa aibu hiyo, lakini huyo binti amekusaidia. Wengine wangeimba kwa kujikaza, kisha shughuli ijayo wakamwita mtu mwingine, na wewe usingejua kwa nini.

Naanza na maiki, na hapo ndipo nitakaa sana, kwa sababu katika mzigo wako wote ni maiki tu inayofika mdomoni mwa mtu. Usiku mmoja wa karaoke inapita kwa watu thelathini, arobaini. Mate, rangi ya mdomo, bia, mafuta ya nyama choma, vyote vinaingia kwenye kile kichwa cha wavu na kunywewa na sponji iliyo ndani yake. Harufu unayoisikia inatoka kwenye sponji. Ndiyo maana ukifuta wavu kwa juu, maiki itang'aa na bado itanuka.

Shika mwili wa maiki, zungusha kichwa kinyume cha mwendo wa saa, kitafunguka kama kifuniko cha chupa. Ndivyo ilivyo kwa Shure SM58 na nyingi zilizotengenezwa kwa mfano wake, na hata zisizo na waya nyingi hufunguka hivyo. Kikigoma usikilazimishe kwa koleo, maana za bei nafuu nyingine zimegundishwa. Ukishakitoa, weka maiki yenyewe mbali kabisa na maji. Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, loweka kichwa dakika kumi, kisha sugua kwa mswaki laini uliokwisha kazi, nje na ndani. Kama sponji inatoka kirahisi, itoe uikamue peke yake taratibu. Kama imeshikizwa, iache humohumo. Suuza mpaka maji yawe meupe, kung'uta, anika kivulini usiku kucha. Usirudishe kichwa chenye sponji mbichi hata kama shughuli iko mlangoni. Afadhali ununue vichwa viwili vitatu vya akiba vya aina ileile, kimoja kikikauka kingine kiko kazini. Hiyo ndiyo pesa ninayokushauri uitoe kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Usitumie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Inakula chuma, na wavu utashika kutu mapema.

Katikati ya shughuli, mtu akishusha maiki, futa wavu na mshikio kwa kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo spirit ya asilimia 70, ile ya duka la dawa. Elekeza kichwa chini unapofuta, ili tone lisiingie ndani. Na usipulizie chochote moja kwa moja. Nasema kwa uchungu: mwaka wangu wa pili wa kazi hii hapa Tanga nilikuwa napulizia pafyumu kwenye maiki kabla ya kila harusi, nikiona ndio ustaarabu. Chini ya wavu kuna kidude cha duara kinachopokea sauti, na ndani yake mna utando mwembamba mno. Pafyumu ilinatanata humo, vumbi likashika, na maiki mbili nilizozinunua kwa mkopo wa kikoba zikawa zinatoa sauti kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Sikuweza kuziokoa.

Maiki zisizo na waya zina jambo moja la ziada. Toa betri kila unapomaliza kazi. Betri ikivuja inaacha unga mweupe kwenye vyuma vyake. Ukiukuta, ulowanishe kwa pamba yenye siki au ndimu kidogo, ufute, kisha pitisha spirit na uache pakauke.

Sasa vumbi la Kahama. Najua kiangazi chenu, na najua mzigo unapanda kirikuu au guta ukiwa wazi. Hapa ndipo vyombo vyako vinapozeekea, safarini na stoo, zaidi ya ukumbini. Mwambie fundi cherehani akushonee magauni ya spika kwa kitambaa kizito, jinzi au turubai laini, aache tundu la mshikio. Usifunge kwa nailoni. Mimi niliwahi kutoka kwenye harusi ya ufukweni Pangani, vyombo vina unyevu wa bahari, nikavitia kwenye nailoni na kuviacha siku nne. Nilipofungua, skrubu zilikuwa na kutu na zulia la boksi limeota ukungu. Nailoni inatoa jasho, kitambaa kinapumua.

Futa kabla ya kufunga, usiku uleule, hata kama miguu inauma. Vumbi la saa mbili linatoka kwa kitambaa kikavu. Likishakutana na jasho na soda likalala wiki nzima, litataka kusuguliwa, na kusugua ndiko kunakoondoa sura ya upya. Waya nao uvute ndani ya kitambaa chenye unyevu huku unauviringa, utashangaa rangi ya hicho kitambaa. Uviringe kwa duara pana la mkono, usiuzungushe kwenye kiwiko, unakatika ndani. Funga kwa kipande cha kanga kuukuu. Mpira wa tyubu ukipata joto unaacha alama nyeusi zinazonata.

Spika za plastiki zioge kwa kitambaa cha maji ya sabuni kilichokamuliwa sana, mikunjo uipitie kwa brashi ya rangi isiyotumika. Wavu wa mbele ukifunguka, vumbi lililo kwenye karatasi ya spika lipanguse kwa brashi hiyohiyo, mkono mwepesi. Televisheni izime ipoe, futa kwa kitambaa laini kikavu, na doa likigoma tumia maji matupu. Spirit na dawa za vioo zinaharibu kioo chake.

*Mama, kijana wangu anapaka spika kiwi ya viatu ziwe nyeusi. Zinapendeza kweli, lakini nina wasiwasi.* — Msomaji, Muheza

Wasiwasi wako ni wa haki, dada. Kiwi inahama. Itahamia kwenye ukuta wa ukumbi, kwenye kiti cha gari, na siku moja kwenye shela la bibi harusi anayepiga picha pembeni ya spika. Ile ya kung'arishia dashibodi nayo inaacha mafuta yanayokusanya vumbi maradufu. Kama boksi ni la mbao na limechubuka, nunua kopo dogo la rangi nyeusi ya maji isiyong'aa, piga msasa mwepesi palipochubuka, paka kwa sponji kwa kugonga-gonga, usiburute. Plastiki iliyopauka kwa jua hairudi sawasawa, ila unaweza kuizuia isipauke zaidi kwa kuweka spika chini ya turubai mchana. Thina na petroli visikaribie plastiki, vinaiyeyusha.

*Mikisa yangu inakwaruza nikipandisha sauti. Fundi wa pancha aliipuliza kwa kompresa, sasa imekuwa mbaya zaidi. Nimeiua?* — Msomaji, Lushoto

Huenda bado, mdogo wangu. Kompresa ya matairi inatoa upepo mkali wenye maji na mafuta, na vyote vimeingia kwenye vile vitufe vya kuteleza. Usiiwashe. Iache mahali pakavu penye hewa siku mbili tatu, kisha umpelekee fundi redio, mwambie atumie dawa ya kopo ya kusafishia kontakti, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Akitaka kutia mafuta ya cherehani, chukua mikisa yako uondoke. Akishapuliza, sukuma kila kitufe juu na chini mara ishirini, na usubiri dawa ikauke kabisa ndipo uchomeke umeme.