Mume Wangu Bingwa wa Kemia Hataki Cheo: Je, Anapata Dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mume wangu anafundisha kemia sekondari, na kipaji anacho. Jirani akileta sabuni iliyoharibika, huitazama tu akamwambia kostiki imezidi na dawa yake ni nini, wala hachukui hata senti. Lakini amepewa umakamu mkuu wa shule akakataa, na kusoma zaidi hataki. Wenzake wamejenga, sisi bado tumepanga. Njaa hatulali. Je, huku si kukufuru neema? Naweza kudai talaka?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, wajibu wa mume ni chakula, mavazi na makazi, kila mmoja kwa uwezo wake, kama ilivyo katika Suratut-Talaq aya ya 7. Cheo hakimo. Na wewe mwenyewe umesema njaa hamlali.

Kukufuru neema ni kuificha au kuitumia katika maasi. Huyu anafundisha watoto wa watu, na jirani anaondoka na ujuzi bure. Imam Ghazali aliihesabu tiba na hesabu katika faradhi za kutosheleza, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi, wengine huondokewa na dhambi. Kemia inayofaa watu sioni kwa nini iwe nje.

Ila naye asijifiche nyuma ya dini. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani akipewa kwa kuomba ataachiwa mwenyewe, na akipewa bila kuomba atasaidiwa. Mumeo hakuomba, alipewa! Basi muulize kwa upole anachokiogopa. Huenda anajijua hawezi kusimamia watu, na hiyo ni sababu ya kweli: swahaba Abu Dharr, pamoja na ubora wake, aliambiwa na Mtume kuwa ni dhaifu kwa kazi hiyo. Ikiwa ni uvivu tu, na kodi mnadaiwa au watoto wanarudishwa kwa ada, hapo hukumu inageuka. Kuwatelekeza unaowalisha ni dhambi.

Talaka, hapana. Hadithi ya Mtume aliyoipokea swahaba Thawban imemuonya vikali mke anayeidai bila dhara, na nyumba ya kupanga si dhara. Nyumba za wenzake, nakuomba uache kuzihesabu.

Zaynab, mke wa swahaba Ibn Mas'ud, alikuwa na kazi ya mikono na akiitunza nyumba kwa pato lake. Nawe mwombe mumeo akufundishe sabuni, uuze. Lakini kubalianeni mapema faida ni ya nani: mtaji ukiwa wako, pato ni lako, na ukimpa ni sadaka.

Wallahu aalam.