Nimenunua rekoda ya treki 8, mbona sauti inakwaruza?

SWALI: Nina rekoda ndogo ya kubeba, treki 8 (yaani inashika sauti nane, kila moja peke yake) lakini matundu ya kuingizia sauti ni mawili tu. Napiga gitaa na kuimba. Nikipandisha sauti kwenye kiitikio inakwaruza, nikishusha fada bado inakwaruza tu ila kwa sauti ndogo. Alafu nikirekodi kuimba juu ya gitaa, baadae naskia gitaa nalo limeingia kwenye treki ya kuimba. Nakosea wapi?

JIBU: Mashine yako nzima ndugu yangu, wala usiirudishe. Hapo kuna mambo mawili tofauti na yote yanatokea kabla sauti haijafika kwenye kadi ya kuhifadhia, ndo maana ukihangaika na fada hupati kitu.

Fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya treki, inashughulika na sauti ambayo tayari imesharekodiwa, inaamua tu uisikie kwa ukubwa gani. Kinachoamua sauti inaingia na nguvu kiasi gani ni geini, kile kinobu kidogo kilicho karibu na tundu la maiki, na ukikizidisha sauti inagonga dari inakatwa kichwa, na kikishakatwa hakirudi. Ni kama picha iliyopigwa kwenye jua kali uso ukatoka mweupe wote, hata uipunguze mwanga vipi baadae yale macho hayapo tena.

Sasa fanya hivi. Chomeka maiki, washa treki mpaka taa yake iwe nyekundu, alafu imba kile kiitikio chenyewe, kwa nguvu zako zote kama siku ya shoo. Usiseme "testi, testi, moja mbili", kila mtu akijaribu maiki anaongea kwa upole, muziki ukianza anapiga kelele mara tatu yake na geini aliyoweka haifai tena. Angalia mita, pale unapopandisha kabisa iguse kama desibeli -12, ikiruka mpaka -6 sio mbaya, ila 0 isifike kamwe. Utaona kama iko chini mno, iache hivyohivyo. Ule ushauri wa kusukuma sauti mpaka juu ni wa enzi za kanda, rekoda ya kwanza ya Portastudio ya kampuni ya TASCAM ilitoka 1979 ikiwa na treki 4 kwenye kaseti ya kawaida, na kaseti ina mvumo wake "shhhh" kwahiyo ukirekodi chini mvumo unakumeza. Wewe weka ubora wa kurekodi kwenye biti 24 kwenye menyu, hapo una nafasi ya kutosha na sauti ndogo utaikuza baadae bila shida.

Kama gitaa ni la umeme na unalichomeka moja kwa moja, tafuta swichi ya Hi-Z uiwashe, bila hiyo gitaa linatoka limefifia kama limefunikwa blanketi. Maiki ya kondensa yenyewe inataka volti 48 kutoka kwenye rekoda, ila shusha hedifoni kwanza kabla ya kuwasha maana ile "pah!" inaumiza masikio.

Gitaa kuingia kwenye treki ya kuimba, hapo nina uhakika karibu wote kwamba unajisikiliza kwa spika, au kwa hedifoni za wazi zinazovujisha. Maiki haijui kipi ni chako kipi ni cha spika, inachukua vyote. Zima spika, tumia hedifoni zinazofunika sikio lote na usifungulie sana. Kujaribu ni rahisi, vaa hedifoni, fungulia ile treki ya gitaa uliyokwisha kurekodi, rekodi sekunde 20 bila kuimba chochote, alafu sikiliza hiyo treki. Ukiskia gitaa kwa mbali, punguza. Na kama unapenda kuacha sikio moja wazi ili usikie sauti yako (waimbaji wengi tuko hivyo), lile kopo la hedifoni lisilovaliwa libane kichwani nyuma ya sikio, lisining'inie linatazama maiki.

Mpangilio wa kazi ndo naupenda kuliko vyote. Washa metronomu (ile "tik, tik" ya kushika mwendo), rekodi gitaa na sauti ya kuongoza kwa pamoja, hovyohovyo tu, hiyo ni ramani utaifuta. Alafu rekodi gitaa la kweli ukiifuata, alafu kuimba, alafu sauti ya pili. Ukitaka mwangwi usikie kwenye hedifoni tu, treki yenyewe irekodiwe kavu, yaani bila mwangwi, mwangwi ukishaingia ndani hautoki. Treki zikiisha unaweza kuunganisha tatu au nne ziwe mbili, ila nakili mradi kwanza kabla hujaunganisha.

Kadi ifomati ndani ya rekoda yenyewe sio kwenye kompyuta, na ikiwa na kitu cha maana kihamishe kwanza. Kwa biti 24 na 48 kHz treki moja ya mono inakula kama MB 8.6 kwa dakika, wimbo wa dakika 4 wenye treki zote 8 unafika kama MB 276, kwahiyo nafasi sio tatizo. Tatizo ni kuzima haraka. Mimi niliwahi kupoteza kuimba kuzuri kabisa, kule ambako hakujirudii, betri iliisha mashine ikiwa bado inaandika kwenye kadi na faili halikufunguka tena. Tangu hapo narekodi na chaja ikiwa imechomekwa, nabonyeza stopu, nasubiri ile taa ya kadi itulie ndo naigusa.

Wiki hii chukua wimbo mmoja mfupi, treki 3 tu, gitaa na sauti mbili. Ukimaliza, fungulia treki ya kuimba peke yake uisikilize mwanzo mpaka mwisho, kukwaruza au gitaa la kuvuja vitajitokeza hapo mapema, vikiwa vimejificha ndani ya miksi, treki zote zikicheza pamoja, hutavisikia.