Lahaja, lafudhi au misimu? Jibu kwa anayetafiti Kiswahili cha Manzese

Mkuu, umeuliza kwa nini msimamizi amekikata kichwa cha tasnifu yako, "Lahaja ya Manzese" (Manzese hii ya Dar es Salaam), na uweke neno gani badala ya lahaja. Msimamizi yuko sahihi. Ila jina jipya usilichague mezani, data ndiyo itakupa.

Zichambue kwanza hizo tofauti ulizonazo. Zikiishia kwenye matamshi, hiyo ni lafudhi. Anayesema "selasini" kwa thelathini, au "habali" kwa sababu Kisukuma hakina r, anaongea Kiswahili kilekile tu. Zikiwa za msamiati na zimeshikwa na rika fulani, kama buku, jero, mshkaji na mchongo, hayo ni misimu. Tena yalishavuka Kibaha zamani, leo utayakuta Mwanza na Mbeya, kwa hiyo hayawezi kuwa alama ya Manzese. Konda anapomwita dereva "suka", hapo unaingia kwenye rejesta, yaani lugha ya kazi au shughuli fulani (ukisoma vitabu vya Kenya utaikuta kwa jina la sajili, usidhani ni kitu kingine).

Lahaja inadai zaidi ya hapo: mahali, na fungu la tofauti zinazokwenda pamoja kwa utaratibu. Tazama Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kichwa ni kitwa, macho ni mato, kucheka ni kuteka. Njoo ni ndoo, njia ni ndia. Hayo si maneno ya kuokoteza, ni kanuni: ch inakuwa t, nj inakuwa nd. Chimiini cha Barawa, Somalia, kimebaki na umbo la -ile kwenye vitenzi vya wakati uliopita. Kingwana cha Kongo kina "batoto" pale sisi tunaposema watoto. Sarufi yenyewe imeguswa.

Kosa jingine naliona sana humu: "lahaja ya Kizaramo". Kizaramo ni lugha kamili, kama Kigogo au Kihaya. Lahaja ya Kiswahili ya pwani yetu hii ni Kimrima.

Sasa tatizo kubwa la kichwa chako. Umelinganisha Manzese na kamusi. Kamusi ni ya Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na hata mtu wa Mjini Unguja haongei kama kamusi, atakwambia "n'takwenda". Kwa kipimo hicho kila mtaa wa dunia una lahaja yake. Ili useme Manzese kuna kitu, lazima uoneshe kinaishia wapi: Tandale wanakisema? Magomeni je? Ubungo? Chora mstari wa kila kipengele kwenye ramani, yaani isoglosi. Mistari ikilaliana mahali pamoja, una mpaka. Ikitawanyika ovyo, huna. Nionavyo mimi, Manzese itatawanyika. Barabara ya Morogoro imepita katikati, na watu wanahama vyumba kila kodi ikiisha.

Kwenye kukusanya data ndipo wengi wanaharibu. Ukimsomea mtu orodha ya maneno kwa Kiswahili sanifu, atakurudishia Kiswahili sanifu. Onesha picha au kitu chenyewe, uliza "hiki mnakiitaje hapa?", kisha muache aongee mambo yake, maana dakika kumi za mwanzo huwa za adabu tu.

Kwa kipengele kimoja cha sauti, iga mbinu ya William Labov, mwanaisimu wa Marekani. Mwaka 1962 alizunguka maduka makubwa matatu ya New York akiuliza bidhaa ambazo alishajua ziko ghorofa ya nne, ili asikie r inavyotamkwa kwenye jibu. Kisha alijifanya hakusikia, ili jibu lirudiwe kwa uangalifu. Kariakoo inafanya kazi vizuri: tafuta shati ambalo unajua bei yake ni elfu thelathini, uliza bei, halafu sema "ngapi?" Jibu la kwanza likiwa "selasini" na la pili "thelathini", msemaji anaijua th ila haitumii akiwa huru, na hiyo ni habari tofauti kabisa na mtu asiyeijua. Andika pembeni jinsia, umri wa kukadiria na jibu zote mbili. Usirekodi kwa siri.

Wale utakaowarekodi kwa ridhaa, rekodi kwa WAV, 44.1 kHz, kinasa kikiwa karibu na mdomo. Usipokee sauti za WhatsApp: zimebanwa, na zinaweza kukupotezea mpumuo (pumzi inayotoka baada ya p) unaotofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa wanaotofautisha.

Kichwa nachopendekeza: "Matumizi ya th na dh katika Kiswahili cha vijana wa Manzese na Magomeni". Mitaa miwili, makundi mawili ya umri, wanaume na wanawake: hayo ni makundi manane, watu sita kila moja. Hao ni 48, na kwa shahada ya umahiri wanatosha.